Peugeot 504 ya marehemu baba: anzeni chini, rangi iwe mwisho

Swali: Baba yetu alituachia Peugeot 504 stesheni wagoni ya mwaka 1982, ile ya viti vya safu tatu. Imekaa chini ya mparachichi Kahawa West miaka tisa bila kuwashwa. Fundi wa kwanza alisema tung'oe injini tuweke ya Toyota. Wa pili alisema tuanze na rangi ili ipate sura, mengine yatafuata. Kaka yangu anataka iuzwe kwa kilo, chuma chakavu. Mimi nataka itembee. Pesa ninayo kidogo kidogo kila mwezi, si ya mkupuo. Nianzie wapi? Na je, ni lazima irudi rangi ile ile ya mzee?

Jibu: Dada, kwanza poleni kwa kufiwa. Na hongera kwa kutoiachia gari hiyo iende mizani. Kwa kilo utapewa pesa ya kuisha wiki moja, na gari yenyewe hutaipata tena. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, kwa hiyo 504 zilizopo Kenya ndizo hizo tu, na kila inayokatwa ni moja imepungua.

Nitakujibu kwa urefu kwa sababu mafundi wote wawili wamekuelekeza kuanzia mahali ambapo pesa yako itapotea. Gari iliyolala miaka tisa hufufuliwa kutoka chini kwenda juu: sakafu na chesisi, breki, mfumo wa maji, mafuta, kisha injini. Rangi ni kazi ya mwisho kabisa. Ukipaka leo, mwezi ujao fundi wa kuchomelea atakuja na moto wake aichome rangi yote uliyoilipia.

Kabla ya spana yoyote, tafuta logibuku, hati ya umiliki wa gari. Ikiwa bado ina jina la mzee, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, haitabadilisha umiliki kwa maneno ya familia kwamba mmekubaliana. Itabidi mwende mahakamani na barua ya chifu, mpate hati ya usimamizi wa mirathi, ndipo uhamisho ufanyike. Mambo ya korti huchukua muda, kwa hiyo yaanzishe sasa, gari ikiwa bado iko juu ya mawe. Nimeona gari iliyotengenezwa ikang'aa, halafu ndugu wakaanza kuuliza ni ya nani. Kaka yako akubali kwa maandishi mapema.

Sasa twende chini ya mparachichi. Usiiwashe. Najua hamu uliyo nayo, na najua jirani atakuja na betri na nyaya akuambie tujaribu tu. Mwambie asubiri. Siku ya kwanza unahitaji tochi, bisibisi ya bapa, brashi ya waya na nguo kuukuu.

Anza na majani. Chini ya kioo cha mbele kuna nafasi ambamo hewa huingia ndani ya gari na maji ya mvua hutoka. Mparachichi ukidondosha majani miaka tisa, matundu yale huziba, na kila masika ya Machi hadi Mei maji hukaa pale kama kwenye sufuria, halafu hushuka taratibu hadi kwenye sakafu ya mbele. Zoa majani yote kwa mkono. Halafu ng'oa zulia.

Hapo ndipo nataka uwe makini kuliko popote. Mwaka mmoja nililetewa 504 kama yako, rangi nyeupe safi, mwenyewe ameinunua wiki hiyo na furaha imemjaa. Chini ya zulia la dereva tulikuta bati lililopakwa lami nyeusi, laini, zuri kwa macho. Nikaligonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Hili lilijibu kwa sauti nzito, kama unagonga kadibodi. Nikageuza bisibisi, nikasukuma kwa kidole kimoja, ikapita mpaka nikaona simenti ya gereji kupitia tundu. Ilikuwa fila, gunia na lami. Mtu alikuwa ameketi juu ya hiyo akiendesha kwenye barabara ya Thika.

Kwa hiyo gonga. Gonga sakafu yote, vizingiti chini ya milango, mahali pa kuwekea jeki, matao ya magurudumu ya nyuma, ncha za chini za milango, na hasa ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, ambako maji ya kioo hukusanyika. Fungua boneti ukague sehemu ambako shoki za mbele zimefungwa kwa juu. Pale pakiwa na kutu ya kula, mzigo wote wa mbele unategemea kipande kilichooza. Zungushia chaki kila mahali penye sauti mbaya au penye bati linalobonyea. Ukimaliza, ramani ya kazi yako utakuwa umeichora mwenyewe juu ya gari.

Kutu ya juu juu inakwanguliwa kwa brashi na msasa, inapakwa praima ya kuzuia kutu, basi. Kutu iliyotoboa hukatwa mpaka ufike kwenye chuma kizima, kisha kiraka kinachomelewa pande zote. Mwambie fundi wa bodi atumie bati la geji 18 au 20. Mabati ya kuezekea nyumba ni membamba mno kwa sakafu ya gari, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaomdhuru anayechomelea. Wapo wanaotaka kuyatumia kwa kuwa masalio ya mabati hayakosekani kwenye boma. Kataa. Na ukishaziba, usikubali kunyunyiziwa oili chafu chini ya gari kama ilivyo desturi kwetu. Ni kweli oili huzuia maji, lakini huozesha bushi za mpira na mipira ya breki. Nunua lami ya bodi au nta ya kupulizia ndani ya vizingiti.

Bodi ikikugharimu miezi mitano ya akiba yako, usivunjike moyo. Ndiyo kazi kubwa. Injini ya gari hii hufa mara chache kuliko bodi yake.

Na hapo niseme juu ya injini ya Toyota. Sina ubaya na Toyota, natengeneza nyingi. Lakini fundi akikwambia ung'oe injini kabla hajaizungusha hata mara moja, anakwambia kwamba haijui. Ukibadilisha, itakubidi kutengeneza vishikilio vipya, kuoanisha giaboksi, kubadilisha rediata, wiringi na egzosti. Halafu namba ya injini haitalingana na logibuku, na itabidi gari ikaguliwe ili rekodi za NTSA zirekebishwe. Utakuwa umetumia pesa ya kutengeneza injini mbili. Injini ya 504 ya petroli ni ya muundo wa zamani, rahisi kufunguka, imelala kwa pembe upande mmoja ili boneti iwe chini. Ilivuta gari hizi kama teksi za abiria kati ya Nairobi, Nakuru, Kisumu na Mombasa, watu wamejaa na mizigo juu ya keria, mwaka baada ya mwaka. Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 akiwa ndani ya 504. Injini ya namna hiyo inastahili kupewa nafasi ya kujieleza.

Ipe nafasi hivi. Puliza vumbi kwanza kwenye visima vya plagi, kwa sababu plagi za injini hii zimezama ndani, na mchanga ukidondoka utaingia kwenye silinda. Toa plagi zote nne. Mimina kijiko kimoja cha oili nyepesi kila silinda, uache siku mbili au tatu. Kisha izungushe kwa mkono, kwa spana kwenye boliti ya puli ya mbele, pole pole. Ikigoma, usiilazimishe kwa bomba refu. Ongeza oili, subiri tena. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, pumua, maana jambo kubwa limepita.

Baada ya hapo mwaga oili ya zamani, weka mpya na filta mpya. Petroli iliyolala tangini miaka tisa si petroli tena, ni gundi yenye harufu ya vanishi. Shusha tangi lioshwe, badilisha mipira yote ya mafuta hata inayoonekana mizima, weka filta kabla ya pampu. Kabureta ifunguliwe juu ya meza safi, jeti zipulizwe kwa hewa, zisichokolewe kwa waya, kwa maana waya hupanua tundu na gari itakunywa mafuta milele. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyosetiwa pwani hapa hutoa moshi mweusi na plagi hufanya masizi. Fundi aisetie hapa hapa, injini ikiwa na moto.

Pointi za distribyuta zifungue kwa milimita 0.40. Tapeti, yaani nafasi za vali, injini ikiwa baridi: 0.10 za kuingiza hewa, 0.25 za kutolea moshi. Na mwongozo unaposema silinda nambari moja, kwa Peugeot hii ni ile ya nyuma, upande wa flaiwili. Mafundi waliozoea gari za Kijapani huhesabu kutoka rediata, wakakesha usiku kucha na mwongozo usioeleweka.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, acha plagi zikiwa nje, stata izungushe injini mpaka taa ya oili izimike. Hapo tu ndipo rudisha plagi na uwashe.

Kuna jambo moja la injini hii ambalo limeua nyingi mikononi mwa mafundi wazuri, nami nililipia funzo hilo nikiwa kijana Grogan (Kirinyaga Road, Nairobi), kwenye gari ya mteja. Silinda zake si za kuchimbwa ndani ya bloku. Ni slivu zinazosimama ndani ya maji, zimekalia sili nyembamba kwa chini na kubanwa kwa juu na hedi, kifuniko cha silinda. Siku ile nilitoa hedi kubadilisha gasketi, kazi ya kawaida, halafu nikazungusha injini kidogo ili nisafishe vichwa vya pistoni. Pistoni zikanyanyua slivu kwa unywele tu, sikuona kitu. Nikafunga hedi, gari ikawaka vizuri, mteja akaenda. Siku ya pili akarudi, oili imekuwa kama chai ya maziwa. Sili za chini zilikuwa zimeachia, maji yameshuka yote kwenye oili. Ilibidi injini nzima ishushwe kwa gharama yangu.

Kwa hiyo, iwapo hedi itatolewa, msimamie fundi: slivu zibanwe kwa boliti na washa pana (pete bapa za boliti) kabla mtu hajagusa puli. Akikuuliza za nini, huyo hajawahi kufungua injini hii. Na kama hakuna dalili ya gasketi kuungua, yaani maji hayapungui, oili haijabadilika rangi na hakuna mapovu kwenye rediata, usikubali hedi itolewe ati "kuangalia tu".

Hedi hiyo ni ya aluminiamu, na adui yake ni joto. Watu wa Nairobi hawafikirii kwamba kwa mwinuko huu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachozuia rediata isichemke mapema ni presha, na presha hushikiliwa na kifuniko. Kile kifuniko kidogo, mpira wake ukichoka, gari itachemka ukipanda kutoka Mai Mahiu kurudi Limuru hata kama kila kitu kingine ni kipya. Kibadilishe. Rediata itolewe ikasuguliwe ndani. Hosi zote mpya. Themostati irudishwe, nyingi nazikuta zimetupwa na mtu aliyeamini kwamba anaisaidia injini kupoa, kumbe injini inatembea baridi asubuhi na kula mafuta. Halafu weka kulanti, sio maji ya mferejini, kwa sababu maji matupu hutafuna aluminiamu kutoka ndani.

Feni yake ya asili ni ya sumaku: haizunguki muda wote, hushikwa na umeme injini ikipata moto. Baada ya miaka kaboni yake huisha, na jua kali yetu ni kuifunga kwa skrubu izunguke siku zote. Ukikuta imefungwa hivyo, iache kwa sasa. Bado inapoza injini, haina madhara ila kelele na nguvu kidogo inayopotea. Utairudisha katika hali yake siku ukiwa na nafasi.

Breki sitazirefusha kwa sababu hazina mjadala. Badilisha zote za mpira: hosi, sili za masta na za magurudumu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na miaka tisa ya unyevu huozesha mabomba kwa ndani usikoona. Mabomba ya chuma yenye kutu pia yaende. Mbele ni diski, nyuma ni ngoma. Breki za mtumba usinunue, hata kwa bei ya bure.

Matairi, hata yakiwa na meno, angalia tarakimu nne ubavuni. Tairi iliyoandikwa 2312 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Hayo yabakie ya kusukumia gari ndani ya boma.

Nyuma ya stesheni wagoni hii kuna springi nne, mbili kila upande, tofauti na ya saluni. Zikaguliwe moja moja, kwa sababu moja ikivunjika nyingine huficha, gari haiinami sana, na unajua tu siku umebeba mzigo. Halafu ule mpira wa mlango wa nyuma. Watu hudhani ni wa kuzuia maji na vumbi. Gari ya umbo hili ikitembea huvuta hewa ya nyuma yake, na mpira ukiwa umekauka moshi wa egzosti huingia ndani, na ile gesi inayoua haina harufu. Safu ya tatu ndiyo wanayopenda watoto. Mpira mpya, egzosti isiyovuja, na mikanda kwenye kila kiti, kabla hujapakia mtoto wa mtu.

Spea utapata, usiogope. 504 iliacha kutengenezwa Ufaransa kama saluni na stesheni wagoni mwaka 1983, lakini pikapu yake iliendelea huko hadi 1993, na hapa Kenya ziliunganishwa Mombasa kwa muda mrefu zaidi. Sehemu nyingi za injini na za mbele za pikapu zinaingia kwako. Zunguka Kirinyaga Road, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, ukiwa na kifaa cha zamani mkononi. Usitaje jina la kitu, toa kitu chenyewe, kilinganishwe. Bushi zinazokosekana hutengenezwa na mafundi wa leithi Kariobangi Light Industries, ukiwapelekea kipimo sahihi. Vitu vya bodi, kama taa za nyuma, mlango wa nyuma na vioo vya pembeni, ndivyo vigumu. Ukisikia stesheni wagoni nyingine inauzwa ikiwa imekufa, hata Nyeri au Machakos, ongea na mwenye nayo mapema. Gari moja ya kukatia spea itakuokoa zaidi ya duka lolote.

Kwa pesa yako ya kila mwezi, ningefanya hivi: miezi ya kwanza yote iende kwenye bodi chini, na wakati huo huo injini iwe inazungushwa kwa mkono kila Jumamosi. Kisha breki na matairi, kisha maji na mafuta. Usinunue spea za hatua ya tatu ukiwa hatua ya kwanza. Mipira huzeeka ikiwa imekaa kabatini. Usimlipe fundi yeyote zaidi ya nusu kabla ya kazi, na vifaa vya zamani vyote urudishiwe mkononi, kwa sababu ndivyo utakavyojua kilichobadilishwa.

Rangi, mwisho. Uliuliza kwenye barua yako kama ni lazima irudi rangi ile ile ya mzee. Sheria haikulazimishi, ila ukibadilisha rangi utairekebisha kwenye rekodi pia. Mimi ningeirudisha ile ile. Ipo nyuma ya bango la mlango na chini ya mpira wa buti, mahali ambapo jua halikufika. Peleka kipande kwa mchanganya rangi, atailinganisha.

Safari ya kwanza isiwe Mombasa. Zunguka Kahawa, rudi, inama uangalie chini kama kuna tone. Kesho yake nenda mpaka Ruiru. Wiki inayofuata panda Limuru, ukitazama mshale wa joto. Ikifika kilomita 500, oili imwagwe tena, maana itakuwa imeosha uchafu wa miaka tisa.

Ukishang'oa zulia na kuzungushia chaki, piga picha za sakafu na za vizingiti, za mchana, bila flashi, uzilete. Nitakuonyesha kipi kikatwe na kipi kisuguliwe tu.